Tumbo Linapokataa Maziwa

Katika ofisi yetu hapa Kajiado, saa nne ya asubuhi huletwa birika ya chai, na kila siku huzuka mabishano yale yale. Wako watakao chai ya maziwa matupu, isiyoonja maji hata tone. Wako waridhikao na chai ya kawaida. Nao wako wawili watatu waombao chai ya rangi, na hao huchekwa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto watano, aliwahi kuambiwa mbele ya wenzake kwamba mwanamume asiyeweza maziwa bila shaka ana tumbo la kitoto.

Neno hilo nalikumbuka kila nionapo birika, maana ukweli wenyewe ni kinyume chake kabisa. Tumbo la kitoto ndilo liwezalo maziwa. Yule mnywa chai ya rangi ndiye ambaye tumbo lake limekua kama yakuavyo matumbo ya watu wengi duniani, na yule aliyemcheka ndiye aliyebaki na tumbo la kitoto hata leo, ingawa ana ndevu. Nitaeleza habari hii kwa kirefu kidogo, kwa kuwa haiishii katika mzaha wa ofisini. Inafika mpaka kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa, nami nimeiona nyumbani kwangu.

Mimi kwetu ni Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Huko twala ugali wa mtama na muhogo, samaki, na mboga za kienyeji. Ng'ombe tunao, lakini si wengi. Maziwa yao ni ya watoto na ya chai, na yanayobaki hugandishwa. Nilipomaliza masomo yangu katika shule ya misheni nikaajiriwa ukarani, na baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa huku Kajiado, nikapewa kazi ya kuandika hesabu ya mifugo inayochanjwa. Kazi hiyo haikalishi mtu mezani. Hunilazimu kufuatana na watu wa mifugo mpaka maboma ya mbali, na daftari langu kwapani.

Katika boma la kwanza nililoingia, mzee mwenye mji alituletea kibuyu cha maziwa yaliyokamwa asubuhi ile ile. Mwenzangu mmoja alitaka maji, mzee akasema, "Karani na mwenzako, kunyweni. Mgeni hapewi maji mahali penye ng'ombe." Tukanywa. Kukataa kungekuwa kumvunjia mtu heshima nyumbani kwake. Kabla hatujamaliza zizi la pili tumbo langu likaanza kuunguruma kama gari lipandalo mlima, likajaa hewa, na yaliyofuata nadhani msomaji atayaelewa bila kuelezwa. Dereva wetu alicheka hata akafuta machozi. Mzee yule, ambaye umri wake haukuwa chini ya miaka themanini, alikuwa amekunywa mara mbili ya kiasi changu, naye alikuwa amekaa chini ya mti akitutazama kwa utulivu mkubwa.

Jambo hilo lilinipata mara tatu katika miezi miwili. Lakini nikaona neno jingine lililonishangaza zaidi. Katika maboma mengine tulipewa maziwa yaliyolala kibuyuni siku kadhaa, yaliyo mazito na yenye uchachu, nikanywa mengi kuliko yale mabichi, na tumbo langu likanyamaza kimya. Ng'ombe ni wale wale, mnywaji ni mimi yule yule. Basi tofauti ilikuwa wapi? Niliuliza swali hilo kwa afisa wa lishe, bibi mmoja mwenye subira, akanieleza na kunionyesha vitabu vya kusoma, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari hizi kadiri nipatavyo nafasi.

Maziwa yana sukari yake, ambayo wataalamu huiita laktosi. Haina utamu mkali kama sukari ya dukani, ndiyo maana wengi hatuitambui. Lakini bilauri moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 12 hivi za sukari hiyo, yaani kiasi cha vijiko vitatu vya chai. Sukari hii ni sukari mbili ndogo zilizofungwa pamoja, na kwa namna hiyo ilivyofungwa haiwezi kupita katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Lazima ikatwe kwanza. Kikatacho ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, nacho hukaa katika utumbo mwembamba. Kila mtoto azaliwapo huwa nacho tele, kwa kuwa chakula chake ni maziwa ya mama. Kisha, baada ya umri wa kuachishwa ziwa, kwa watu walio wengi kimeng'enya hicho hupungua kidogo kidogo, hata ukubwani kikabaki kiasi haba. Hali hii si ugonjwa. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wote wanyonyeshao, na yakadiriwa kwamba kiasi cha theluthi mbili za watu wazima duniani wako hivyo.

Laktesi ikipungua, sukari ya maziwa hupita utumbo mwembamba bila kukatwa. Mahali ilipo sukari maji hufuata, kwa hiyo huyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni, ndipo choo kinapokuwa chepesi. Ifikapo utumbo mpana huwakuta bakteria, wakazi wa huko, mamilioni kwa mamilioni, wakaichachusha kama pombe ichachavyo mtungini. Hapo ndipo ule muungurumo na ile hewa hutokea. Mtu huyo hana mdudu tumboni wala hakulishwa kitu kibaya na mwenyeji wake. Na tena yafaa tuitofautishe hali hii na ile ya watu wachache ambao miili yao hupambana na protini iliyomo katika maziwa, wakapata vipele, au wakavimba, au wakashindwa kupumua. Hao shida yao ni nyingine na ni ya hatari, nao wanapaswa kumwona daktari.

Sasa, kwa nini mzee yule wa boma hakudhurika? Swali hili liliulizwa hapa hapa Afrika ya Mashariki zamani. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Kampala, G. C. Cook na S. K. Kajubi, waliandika katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Waliona kwamba Waganda, watu wa ndizi, wengi wao hawakuwa na laktesi ya kutosha ukubwani, hali Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, wengi wao walikuwa nayo. Kisha mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitangaza uchunguzi wao wa watu wapatao 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta katika urithi wa wafugaji alama ndogo ziufanyazo mwili uendelee kutengeneza laktesi maisha yote. Alama hizo si ile iliyo kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Zimezuka peke yake huku kwetu, zikaenea kwa upesi katika miaka 7,000 hivi iliyopita, tangu watu walipoanza kuishi kwa ng'ombe. Aliyekuwa na alama hiyo wakati wa kiangazi alipata chakula na maji katika maziwa bila kuharisha, akaishi, akazaa watoto wengi. Mzee yule alirithi tumbo pamoja na ng'ombe.

Lakini mtu asije akaitumia habari hii kuwagawanya watu kwa makabila mezani. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuhitilafiana, na mimi mwenyewe namfahamu Mmaasai mmoja ambaye maziwa mabichi humsumbua, naye huona haya kulisema jambo hilo kwao.

Hapa lazuka swali ambalo wengi wameniuliza: je, tumbo laweza kuzoea? Jibu ni ndiyo, ila si kwa njia tudhaniayo. Laktesi si kama msuli wa mkono, ambao ukifanya kazi ya jembe hunenepa. Kunywa maziwa kila siku hakumfanyi mtu mzima atengeneze laktesi zaidi. Wanaojifunza ni wale wapangaji wa utumbo mpana. Wakiletewa sukari ya maziwa kila siku kwa kiasi kidogo, huongezeka wale wajuao kuitumia bila kutoa hewa nyingi, nao huigeuza kuwa asidi nyepesi ambazo utumbo mpana huzifyonza na kuzifanya nguvu za mwili. Kwa hiyo hata sukari iliyokosa kukatwa juu haipotei yote. Sehemu yake huokolewa chini. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani Hertzler na Savaiano waliwapa watu wenye upungufu huu sukari ya maziwa siku kumi mfululizo, wakiongeza kidogo kidogo. Walipopima haidrojeni katika pumzi zao, maana sehemu ya hewa ya utumboni hutoka kwa njia ya mapafu, waliikuta imepungua sana, na tumbo kujaa hewa kumepungua vile vile. Mtu akiacha maziwa, wapangaji hao hupungua tena, na mazoea hutoweka.

Niliposoma hayo niliamua kujaribu. Nilianza kwa robo kikombe cha maziwa, nikinywa pamoja na ugali wa mchana, wala si kabla yake, kwa kuwa maziwa yakichanganyika na chakula hushuka polepole. Baada ya juma moja nikafika nusu kikombe, na baada ya majuma matatu kikombe kizima. Leo naweza kunywa bilauri moja pamoja na chakula nisisikie lolote. Bilauri mbili kwa tumbo tupu, hapana; muungurumo hurudi. Nilisoma baadaye kwamba hata bila mazoezi yoyote, watu wengi wenye upungufu wa laktesi waweza kunywa kiasi cha bilauri moja kwa wakati mmoja wasipate shida kubwa. Basi wale wenzetu wa chai ya rangi huenda wajinyima bure, kwa maana kikombe cha chai ya kawaida kina maziwa nusu tu au pungufu.

Na yale maziwa ya kibuyuni? Siri yake ni kwamba kazi imekwisha kuanzwa kabla hayajafika mdomoni. Bakteria wanaoyagandisha hula sehemu ya ile sukari, ndio maana huwa na uchachu. Kisha wale wasalio humezwa pamoja na maziwa, nao wana kimeng'enya chao wenyewe ambacho huendelea kukata sukari ndani ya utumbo wetu. Mursik ya Wakalenjin, maziwa lala yauzwayo madukani, na yale ya kwetu yagandishwayo katika mtungi, yote hufuata njia hiyo. Samli nayo karibu haina sukari hiyo kabisa. Bibi zetu waliyajua hayo kwa matumbo yao, bila maabara.

Wasomaji walio wakubwa kuliko mimi watakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa bure katika shule za msingi mwaka 1979, pakiti ya mililita 200 kwa kila mtoto. Baba yangu mdogo husimulia mpaka leo jinsi baadhi yao walivyokimbilia chooni baada ya kunywa, na jinsi kulivyozuka uvumi ati maziwa yametiwa dawa. Siwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa sukari ya maziwa tu. Lakini mtoto wa miaka kumi asiyezoea, anywapo pakiti nzima asubuhi na hajala kitu, si ajabu tumbo lake likilalamika. Wengi walizoea, wakanenepa, na wengine walikuwa wakienda shule kwa ajili ya pakiti ile.

Mpaka hapa nimesema habari za mtu mzima aliye na afya, na kwa mtu kama huyo kuharisha kwa sababu ya maziwa ni aibu ya saa chache. Hali ya mtoto mdogo mwenye kuhara ni jambo lingine, ingawa utumbo ni ule ule na sukari ni ile ile.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za masika, binti yetu wa pili alishikwa na tumbo la kuhara. Alikuwa na umri wa miezi kumi na minne, bado ananyonya. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Busia kututembelea. Siku ya pili mtoto aliendesha mara nane, na kila anyonyapo ilionekana kana kwamba maziwa yapita moja kwa moja. Mama akatoa shauri: mtoto asinyonye, asipewe maziwa ya aina yoyote wala ugali, apewe chai ya rangi isiyo na sukari mpaka tumbo lifunge. "Tumbo lililochafuka hupumzishwa," alisema. "Hata sufuria iliyoungua huloweshwa maji kwanza, haipikiwi juu yake." Mke wangu, ambaye humheshimu mama sana, alijibu kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto analia kwa njaa." Mama akasema, "Wewe pia mume wako alilia, na hakufa." Jirani naye akaleta chupa ya dawa ya kufunga tumbo aliyouziwa sokoni na muuza dawa mmoja, aliyemwambia kwamba yafaa kwa mkubwa na mdogo.

Nilimchukua mtoto zahanati asubuhi ile, na mama na mke wangu wakafuatana nami. Sista aliyetupokea alimpima kwanza uzito: kilo 8 na gramu 200. Kadi ya kliniki ilionyesha kilo 8 na gramu 900 mwezi uliotangulia. Akaifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, nayo haikurudi upesi kama ipasavyo. Akaichukua ile chupa ya jirani, akaisoma, akaiweka mbali, akasema dawa za namna hiyo hazipewi watoto wadogo kamwe, kwa kuwa huuzuia utumbo kusukuma uchafu nje na zaweza kudhuru. Kisha akakoroga pakiti ya dawa ya chumvi na sukari katika maji safi, akampa mke wangu kijiko, akamwambia ampe mtoto kijiko kimoja kimoja bila haraka, na akitapika angoje dakika kumi aanze tena.

Mama akamweleza sista habari ya sufuria. Sista hakucheka. Alisema, "Nyanya, sufuria haili. Tumbo la mtoto hujijenga kwa kile kilichomo ndani yake." Kisha akaeleza, na maelezo yale ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ukuta wa utumbo mwembamba haukulainika kama bomba. Una vijidole vidogo mno vilivyosimama kwa wingi kama nyuzi za zulia, na kwa sababu ya vijidole hivyo utumbo wa mtu mzima una eneo la mita za mraba 30 hivi la kufyonzea chakula, kama sakafu ya nyumba ndogo. Chembe zinazovifunika vijidole huzaliwa chini kwenye mashina, hupanda polepole mpaka nchani, hukaa huko kwa muda mfupi, kisha huanguka na kutoka. Safari hiyo yote ni siku tatu mpaka tano. Na laktesi huwa katika chembe zilizokomaa, zilizokaribia ncha. Kidudu cha kuhara kama virusi vya rota huziharibu hasa ncha hizo. Vijidole hubaki vifupi, vimefunikwa na chembe changa ambazo bado hazijajua kazi. Kwa hiyo mtoto ambaye juzi aliyaweza maziwa bila taabu, leo amepungukiwa laktesi kwa muda. Mama hakuwa amekosea alipoona maziwa yakipita. Alichokiona kilikuwapo kweli. Dawa yake ndiyo iliyokuwa na hatari.

Maana kuhara humwibia mtoto chakula kwa milango mingi. Chakula hupita upesi kabla hakijafyonzwa, mafuta na protini hupotea pamoja na choo, na hupotea pia zinki na vitamini A ambazo mwili wazihitaji ili kupigana na ugonjwa wenyewe. Homa huchoma nguvu. Hamu ya kula hupungua. Tukiongeza juu ya hayo na sisi tukamnyima chakula siku tatu au nne, tumekuwa wezi pamoja na ugonjwa. Na mtoto aliyekonda hushikwa na kuhara tena kwa urahisi, kwa sababu vijidole vyake havikupata cha kujijengea, na kila mara hurudi akiwa mwembamba zaidi na mfupi kuliko wenzake. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba hata mtoto anapoendesha, zaidi ya nusu ya chakula alacho bado hufyonzwa. Kumnyima ni kuitupa nusu hiyo.

Habari ya chumvi na sukari nayo yastahili kuelezwa, maana wengi huidhania dawa ya maskini. Mwaka 1960, katika mkutano huko Prague, mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo uko mlango ambao sukari ya glukosi na chumvi huuingia pamoja, zikishikana mikono, na maji hufuata nyuma yao. Baadaye ilionekana kwamba mlango huo haufungwi na kuhara. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashika wakimbizi katika kambi ya Bangaon nchini India, na maji ya kutiwa mishipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawakorogea maji ya chumvi na glukosi katika mapipa, wakayanywa kwa vikombe, wakinyweshwa na ndugu zao. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 kwa kila wagonjwa mia vikashuka vikawa chini ya 4. Mtu akiwa mbali na zahanati na hana pakiti, aweza kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha wala si vya kujaza kilima. Chumvi isizidi kipimo hicho, kwa kuwa ikizidi humdhuru mtoto. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 mpaka 100 kila baada ya choo cha maji. Chai ya rangi isiyo na sukari haiufungui mlango ule.

Mke wangu aliuliza kuhusu kunyonyesha, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba maziwa ya mama yana sukari nyingi kuliko ya ng'ombe. Ni kweli, karibu gramu 7 katika kila mililita 100. Sista akasema aendelee, tena mara nyingi kuliko kawaida. Mtoto hunyonya kidogo kidogo, na maziwa yale yana kinga ndani yake, na karibu watoto wote hupona wakiendelea kunyonya. Ni pale tu ambapo kuhara kumefikia siku kumi na nne au kupita ndipo madaktari huyapunguza maziwa ya ng'ombe, wakayachanganya na uji au wakaweka maziwa yaliyogandishwa mahali pake, na hata hapo ziwa la mama haliachwi. Alitupa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku, kwa muda wa siku kumi mpaka kumi na nne, kama walivyoagiza Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2004. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu yake. Akatuonya kwamba tukiona damu katika choo, au mtoto akishindwa kunywa, au akilegea na macho kudidimia, tusingoje kupambazuke.

Niliuliza imekuwaje, na mtoto alichanjwa chanjo ya rota, ile iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2014. Jibu lake lilikuwa fupi: chanjo humkinga hasa na ukali wa kidudu kimoja, na maji ya kisima chetu wakati wa mvua yana vidudu vingi.

Tuliporudi nyumbani mama alikaa kimya jioni nzima. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni anapika uji wa wimbi. Alipouepua akauacha upoe kidogo, kisha akatia maziwa lala aliyokuwa ameyagandisha mwenyewe kutokana na maziwa yaliyochemshwa, akatia na mafuta kidogo, akakoroga. "Huyo sista amesema maziwa yaliyogandishwa," akaniambia bila kunitazama. "Hayo nayajua tangu wewe hujazaliwa." Mtoto alikula vijiko sita, kisha kumi. Siku ya sita choo kikashikamana. Uzito wake wa zamani haukurudi upesi hivyo. Ulichukua majuma matano, ingawa tulimwongezea mlo mmoja kila siku kama tulivyoagizwa. Siku sita za kuhara na majuma matano ya kulipa deni. Nilipoitazama ile kadi na mstari wake ulioshuka ghafula ukapanda kwa taabu, niliwafikiria watoto ambao mstari wao hushuka mara tano kwa mwaka.

Tangu nilipoyasimulia haya ofisini nimeulizwa maswali mengi wakati wa chai. Wengi hutaka kujua kama maziwa ya mbuzi au ya ngamia hayana sukari hiyo. Yanayo, karibu sawa na ya ng'ombe, na anayeyaweza hayo bila taabu yaelekea hunywa machache tu. Kuchemsha nako hakuiondoi sukari. Lakini maziwa yachemshwe hata hivyo, kwa ajili ya homa ya maziwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Na atakaye kuyagandisha ayachemshe kwanza, yapoe, ndipo ayatie katika chombo kilichooshwa vizuri pamoja na vijiko vichache vya maziwa lala yaliyotangulia, afunike, angoje mpaka kesho yake.